Siku Mashine Zote Mbili Zilipozima

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Kitambaa kimepanda. Nimekiona mswaki ukiwa bado mdomoni. Cheupe, juu ya tangi kule mlimani. Maana yake maji yamefika. Nimekamua, nimepeleka ndoo bombani, nimerudi, na chai haijachemka. Zamani ilikuwa kushuka mpaka Mto Mara na kurudi jua limeshawaka.

Tangu mwanangu Nyangi akabidhiwe mashine za maji, bomba la kijiji hiki halijakauka hata siku moja. Kiangazi kizima. Vijiji vya jirani mabomba yao yanakohoa tu. Yetu yanamwaga. Naandika hapa isije ikasemwa niliota.

Mwalimu wa elimu ya watu wazima alisema kila aliyefuzu awe na daftari la mambo yake. Wengine yao wameshafungia chumvi. Mimi naandika. Isitoshe nilifika darasa la nne misheni, kwangu ile elimu ilikuwa kukumbushwa tu.

Maharage yamepurwa. Kuku mmoja haonekani.

Alhamisi, 5 Agosti

Wageni wanakuja Jumanne. Kutoka wilayani, pamoja na wenyeviti wa vijiji vingine. Wanakuja kujifunza kwa nini kwetu maji hayakatiki. Kujifunza kwa nani? Kwa Nyangi. Msichana wa miaka ishirini na mbili. Mwanangu wa pekee, baba yake alifariki hata hajaota meno. Nikimfikiria natembea kama nimevaa viatu vipya.

Niandike jinsi anavyofanya, maana nimemsikia akieleza mpaka nimekariri. Mashine ni mbili, zinasukuma maji mpaka tangini. Waliokuwepo kabla yake walitumia moja mpaka ife, ndipo wakumbuke ya pili, nayo imeshaota kutu. Nyangi alipotoka chuoni alikataa. Moja inafanya kazi wiki hii, nyingine inapumzika, wiki ijayo wanabadilishana. Inayopumzika inawashwa kila Jumamosi ili ijulikane kama iko hai. Kule tangini anakaa mzee mmoja. Kila saa akiona maji yanaingia anashusha kitambaa na kukipandisha tena. Kisipopanda, Nyangi haulizi, anaamsha mashine ya pili hapohapo. Ikizima moja nyingine iamke, watu wasijue. Hivyo ndivyo anavyosema.

Na kila mashine ina vitu vyake. Pipa lake la dizeli, chujio lake, mkanda wake, debe lake la kumiminia. Debe jekundu la mashine ya kwanza, la bluu la mashine ya pili. Marwa, msaidizi wake, alimuuliza mbele yangu:

"Sasa na madebe mawili ya nini? Dizeli si ileile?"

Nyangi akasema, "Kaka Marwa, kikichafuka kimoja, kisimchafue na mwenzake."

Kichwa hicho kimetoka tumboni mwangu.

Huyo Marwa simpendi. Ni mtu mzima, amemzidi Nyangi miaka mingi, wa ukoo wa wahunzi. Sisi na wahunzi hatuoani, hata kula pamoja hatuli. Hasemi sana. Anamtazama mwanangu kama mtu aliyenyang'anywa kiti.

Nilimweleza jirani yangu Wankuru habari za wageni. Akanikatiza: "Mama Fundi, umeshaniambia mara ngapi leo? Hata ng'ombe wangu wameshajua." Tulicheka mpaka machozi. Ni rafiki yangu tangu usichana. Anaweza kunitukana.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya ibada Nyangi alibaki kwenye kwaya. Mimi nikachukua ufunguo kwenye msumari, nikaenda kwenye banda la mashine. Wageni hawawezi kukuta buibui.

Nimefagia. Nimefuta mashine zote mbili mpaka zikang'aa. Yale madebe ya dizeli yalikuwa machafu, aibu. Nimeyaosha kwa maji ya moto na majivu, nikayaanika, yakakauka. Halafu nikayasugua ndani kwa kaa la mti wetu wa kusafishia vibuyu, kama ninavyofanya chombo cha maziwa. Dizeli inashika moto, mimi si mjinga, nilitumia kaa lililopoa. Nikakung'uta. Yalinukia vizuri, unaweza kuweka maziwa ya mtoto.

Sijamwambia Nyangi kila kitu. Nimemwambia nimefagia tu. Ataona mwenyewe.

Jumatatu, 9 Agosti

Marwa amejaza matangi ya mashine zote mbili, ili kesho wageni wazione zikipokezana. Hajasema lolote kuhusu usafi. Wala asante. Ndivyo alivyo.

Nimepika togwa mitungi mitatu.

Jumanne, 10 Agosti

Wageni walikuwa kumi na wawili. Nyangi alivaa gauni la bluu na viatu. Mgeni mmoja mnene akamwambia, "Haya, binti, zima tuone." Nyangi akazima mashine ya kwanza. Kimya. Wenyeviti wakatazamana. Marwa akapiga hendeli ya pili mara mbili tu, ikanguruma. Kule mlimani kitambaa hakikuchelewa hata kidogo. Mgeni akapiga makofi kama mtoto.

Wakauliza nani mama yake. Nilikuwa nimeshasimama.

Walikunywa togwa yote. Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji kimoja cha upande wa Kemambo kwamba mwanangu akitaka anaweza hata kuufanya mto upande mlima. Nyangi alinifinya. Sijali.

Jumatano, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mashine ya kwanza ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Watu hawakujua. Nyangi aliamsha ya pili kabla ndoo yangu haijajaa. Nikawatangazia pale bombani: Mmeona? Moja imezima na bado mnachota! Wakasema kweli Mama Fundi.

Saa sita, ya pili nayo ikazima.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilisimama uani nikisubiri ule mngurumo urudi. Haukurudi. Kitambaa kilishuka, hakikupanda. Nilikitazama mpaka macho yakauma.

Nilikimbia bandani. Nyangi ameweka chujio jipya, la akiba. Mashine ikawaka, ikazima. Akaweka jingine. Ikawaka, ikazima. Marwa anapiga hendeli jasho linamdondoka puani. Nyangi alikuwa amepiga magoti, na chujio lililotolewa liko mkononi mwake. Hakunitazama. Akasema, "Mama, nenda nyumbani." Sauti ile sijawahi kuisikia kwake.

Mbili. Zote mbili. Siku moja. Haiwezekani.

Alhamisi, 12 Agosti

Tangi limekauka. Kijiji kizima mtoni. Watoto, wazee, ng'ombe, mbuzi, wajawazito wa zahanati. Njia tuliyoisahau imeota miiba. Miguu yangu imechanika.

Mamba wamechukua mtamba wa Wankuru. Mbele ya macho yetu. Maji yalitulia, halafu hapakuwa na mtamba. Hakuna aliyepiga kelele mpaka baadaye.

Hakuna aliyenisalimia njiani.

Ijumaa, 13 Agosti

Wankuru ameng'atwa.

Aliinama kuchota. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua tano. Vijana walimpiga yule mamba kwa mapanga na magogo mpaka akaachia. Mkono wa kushoto. Mfupa nimeuona. Sitaki kuandika zaidi.

Wamempakia kwenye lori kwenda hospitali. Kabla ya kuinuliwa alifumbua macho akanitafuta. Nikainama. Akasema, "Mama Fundi. Mwambie mwanao mamba amefika kabla ya maji." Nikamngoja acheke. Hakucheka.

Damu yake iko kwenye khanga yangu. Nimeiloweka kwenye maji yaliyobaki ya kunywa.

Jumamosi, 14 Agosti

Fundi wa wilaya amekuja na Landrova. Mzee mpole. Kijiji kizima kilizunguka banda.

Alifungua machujio akayakung'uta juu ya karatasi nyeupe. Unga mweusi. Akausugua vidoleni. Akafungua mapipa: masafi. Akaomba madebe. Nyangi akayaleta. Masafi, yanang'aa. Fundi akasema, "Huu ni mkaa. Pipani haumo, debeni haumo, uko ndani ya matangi ya mashine. Basi kuna mtu ameutia."

Watu wakaguna. Mwenyekiti wetu akauliza, nani alijaza matangi?

"Mimi," akasema Marwa. "Nilimimina kilichotoka pipani."

Mkaa. Mhunzi. Kwao nyumba nzima ni mkaa, baba yake hajazima tanuri lake tangu nimjue. Mtu gani asingeona?

Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. Niandike ukweli. Nilimwambia: Mhunzi wewe! Umemwonea wivu mtoto wa watu! Umeshindwa kukaa chini ya msichana, ukaona bora tuliwe na mamba! Nikainua khanga ile yenye damu ya Wankuru, haijatakata, nikaipeperusha mbele ya uso wake. Watu wakapandwa na hasira. Mmoja akamzaba kofi. Marwa akasema neno moja tu, "Sijafanya." Hakujikinga hata kofi la pili lilipokuja.

Mwenyekiti akasema hii ni hujuma dhidi ya kijiji. Amefungiwa kwenye ghala. Alhamisi polisi watakuja kumchukua. Jumatano kutakuwa na mkutano wa kijiji, iritongo kama wazee wanavyouita, ili kila aliyeona kitu aseme kabla hajapelekwa.

Fundi ameondoka na nozeli za mashine, zile zinazonyunyiza dizeli ndani, kwenda kuzisafisha karakana. Anarudi Jumatano.

Nyangi hakusema neno siku nzima. Mshtuko. Maskini mwanangu. Kufanya kazi na nyoka mwaka mzima.

Jumapili, 15 Agosti

Mchungaji ametuombea. Kila mtu alinishika mkono. Wananisalimia tena. Mmoja alisema bila mimi yule mhunzi angeponyoka.

Nimelala mchana, vizuri.

Jumatatu, 16 Agosti

Asubuhi nimeandaa kibuyu cha maziwa. Kaa likapondeka ndani, nikasugua kwa ufagio wake mdogo, nikakigeuza na kukipiga kitako ili vumbi litoke. Likatoka likamwagika kiganjani.

Unga mweusi. Laini. Nikausugua vidoleni kama yule fundi.

Ee Mungu.

Jumatatu hiyohiyo, mchana

Nimeoga, nimetwanga, nimekaa, nimesimama. Nimerudi kwenye daftari.

Ni mimi.

Madebe yote mawili, siku moja, kwa kaa moja. Nilikung'uta, lakini debe si kibuyu. Debe lina pindo kule chini lilipounganishwa. Mkaa ulikaa pale. Dizeli ikauchukua.

Naapa sikuwaza. Jumamosi nilisimama pale nikiutazama ule unga kwenye karatasi, haukunijia hata kidogo. Kwangu kaa la kibuyu si uchafu. Ni usafi. Mama yangu alinifundisha, na bibi alimfundisha yeye. Ningewezaje kujua kwamba mashine haitaki?

Nyangi alitenga kila kitu. Mapipa aliyatenga, machujio aliyatenga, madebe aliyatenga. Hakunitenga mimi.

Mkono wa Wankuru. Na mimi ndiye niliyepeperusha khanga.

Nilitoka nje ili nipumue. Nani anapita? Mama yake Marwa. Bibi kizee amebeba bakuli na kibuyu cha maji, anampelekea mwanawe ghalani. Sikujua nitazame wapi. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasimama. "Marahaba, mwanangu. Umepata maji leo?" Nikasema bado. Akaniambia kesho nisiende peke yangu, nipite kwake twende wote, anapajua mahali pa mawe ambapo mamba hawafiki. Akaendelea na safari yake.

Miaka yote hii sijawahi kuketi kwake.

Kuna jambo jingine linanikaba. Madebe aliyoyaona fundi yalikuwa masafi, mpaka kwenye pindo. Mimi sikuyafuta. Marwa angeyafuta, angejua kuna nini, naye angelisema. Basi ni nani?

Sitaki kulijibu.

Jumanne, 17 Agosti

Limejibiwa.

Nilimkuta Nyangi bandani, amekaa kwenye ngazi, mashine zimefunguliwa matumbo. Nikasimama mbele yake nikasema yote kwa mkupuo. Kaa, kibuyu, ufunguo, Jumapili. Nilingoja ashike kichwa.

Akasema, "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu Jumatano. Nilipofungua chujio. Nikaenda kwenye madebe nikakuta vipande vya kaa la mti wetu kwenye pindo. Nikayafuta kwa kitenge changu."

Nilikaa chini kwenye sementi.

Mwanangu. Jumamosi alisimama kama nguzo akiwa anajua. Marwa anapigwa kofi, naye anajua. Fundi anaomba madebe, naye anayaleta kwa mikono yake, masafi. Nimemlea kwa maombi. Nimemsifu kila kona ya kijiji hiki. Huyu nimezaa mimi?

Nilimuuliza kwa nini. Akasema wangenidhalilisha mbele ya watu wote. Tena baada ya mkono wa Wankuru, wangenifukuza kijijini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, na yeye mashine wangemnyang'anya.

Nikamuuliza lipi lilikuja kwanza. Akainama kuokota spana.

Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumkumbatia. Sikufanya lolote. Nikamwambia kesho nitasema. Akasema, "Mama, ukisema nimekwisha." Nikasema najua.



Jumatano, 18 Agosti

Naandika jioni, jua bado halijazama. Niandike kabla sijaanza kulipamba.

Mkutano ulijaa. Marwa alikalishwa mbele, amefungwa mikono kwa kamba ya ng'ombe. Mama yake chini, karibu na miguu yake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Keti, mama," akasema mwenyekiti. "Wewe tulishakusikia Jumamosi."

Nikasema siketi. Nikasema mkaa ule ni wangu. Niliyasafisha madebe Jumapili kama vibuyu vya maziwa, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Marwa hana kosa. Niliyosema Jumamosi nilisema uongo bila kujua, lakini nilisema.

Vichwa vikanigeukia. Halafu wakacheka.

Wakacheka! Kijana mmoja akapaza sauti, "Mama Fundi, hata hili unataka liwe lako?" Mwingine, "Mwacheni, kesho atasema hata mamba ni yeye alimfuga!" Kicheko kikaenda mpaka nyuma. Mwenyekiti akasema, "Mura, kijana wewe, heshima," lakini naye alikuwa anatabasamu. Akanieleza kwa upole, kama mtoto, kwamba madebe yalionekana masafi na fundi mwenyewe. Kwamba nina huruma ya mama, nimemhurumia yule bibi kizee, ni vizuri, sasa niketi.

Miaka yote nimejisifu, na wameniamini. Siku moja nasema ukweli, wanaona ni sifa nyingine.

Nikaapa kwa Biblia. Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akawaita vijana wamrudishe Marwa ghalani.

Hapo Nyangi akasimama.

Sikumwomba. Alikuwa upande wa wanawake, kitenge chake kimekunjwa kifuani. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akakikunjua. Kile cha njano. Mistari myeusi imekauka juu yake, na harufu ya dizeli ikafika mpaka nilipo. Akasema, "Madebe yalikuwa masafi kwa sababu niliyafuta na hiki. Mama anasema kweli. Nilijua tangu siku ya kwanza nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka.

Fundi wa wilaya alikuwa amesharejea na nozeli zake. Akakishika kile kitenge, akakinusa, akasugua weusi vidoleni. Akatikisa kichwa kukubali. Nikasikia mwanamke mmoja anasema "Nyangi?" kama anayemwita mtu aliye mbali.

Wamemfungua Marwa. Mwenyekiti hakujua pa kuanzia. Alisema Nyangi aondolewe kwenye mashine leo hii, na mimi baraza la wazee litanitazama. Akamuuliza Marwa ana lipi la kusema. Marwa alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, kamba ilimkata.

"Mashine ni mbili," akasema. "Mtu akibaki mmoja, siku nikiugua nani atawasha? Abaki. Ila ufunguo utakaa kwangu."

Mwenyekiti akauliza, ni hilo tu?

"Na mama yake asikanyage bandani."

Hakunitazama. Wala hakumtazama Nyangi. Akamshika mama yake mkono wakaondoka.

Mtu aliyepigwa makofi kwa mdomo wangu. Yeye ndiye pekee aliyekuwa anafikiria maji.

Alhamisi, 19 Agosti

Polisi walikuja, wakaelezwa, wakaondoka.

Fundi amefunga nozeli. Wamemwaga dizeli yote ya matangini, wameosha kwa dizeli safi mara tatu. Mashine ya kwanza imewaka saa nne. Ya pili saa tano. Nimezisikia nikiwa nyumbani. Kitambaa kimepanda.

Sikutoka kuwaambia watu. Wana macho.

Jumatatu, 23 Agosti

Wazee wameamua nitoe ndama jike kwa nyumba ya Marwa, na nikae nao nile. Nimempeleka mwenyewe, yule mwenye paji jeupe. Mama yake Marwa alipika ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nilinawa, nikala kwao. Baba yake aliniuliza kaa la mti gani natumia kwa vibuyu. Nikamwambia. Akasema la tanuri ni la mti mwingine kabisa, la vibuyu halina nguvu. Akasema kama wangemuuliza siku ile, angewaambia kwa kulitazama tu.

Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa nimeshapiga kelele.

Marwa aliingia, akala, akatoka.

Jumapili, 29 Agosti

Ibada. Mahubiri marefu.

Marwa ameweka utaratibu mpya: dizeli inapita kwenye kitambaa cheupe kwanza, wote wawili wakitazama, ndipo inaingia tangini. Nyangi ameniambia. Ni maneno ya kwanza kuniambia kuhusu kazi tangu siku ile. Nikasema ni vizuri. Nikaishia hapo.

Wankuru alirudi Ijumaa. Mkono upo, vidole viwili havikunjuki. Nimemkuta kwenye foleni ya bomba, nikaichukua ndoo yake bila kuuliza. Ameniacha niichukue. Hakuniita Mama Fundi, ameniita kwa jina langu la usichana, Bhoke. Tumetembea pole pole mpaka kwake. Nimerudi kila siku tangu Ijumaa kumchotea na kumsugulia nguo.

Mchana nimechambua mtama.

Nyangi amerudi saa kumi, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Nikachukua kata nikamnawisha. Sabuni, halafu maji. Halafu maji tena. Grisi ilishatoka, nami bado namiminia, maji yanapita vidoleni mwake yanaenda mpaka kwenye migomba. Hakutoa mikono.